Masaa Sita ya Taifa

Sogeeni. Mwenye masikio asikie, na mwenye kazi ya serikali ajifanye amesinzia. Palikuwa na nchi. Mkiniuliza nchi gani nitasema nimesahau, maana hadi leo asubuhi kusahau kulikuwa bado hakuhitaji kibali.

Nchi hiyo haikupungukiwa na kitu. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, na ilikuwa na Wizara ya Vifurushi na Mambo Yaambatanayo. Wizara yenyewe ilianza hivi. Wakubwa walipata habari kwamba mafundi wa tovuti, hao wanaotengeneza kurasa tunazofungua kwenye simu, hawatengenezi kila kitu kwa mikono yao. Fundi akitaka kalenda kwenye ukurasa wake, haketi kuiandika. Anaagiza kalenda ambayo fundi mwingine amekwisha kuiandika, inamjia imefungwa kama kifurushi, anaipachika, anarudi kwenye chai yake kabla haijapoa. Wakubwa wakatazamana. Vitu vinaagizwa, vinafika, vinapachikwa, na wao hawamo! Mwezi haukuisha, wakawamo.

Wakamtengeneza Mchukuzi. Msimtafute sokoni, hakuwa mtu. Alikuwa programu tu ya kompyuta, ila kwa heshima ya Wizara tutamwita yeye. Fundi anaandika, "Mchukuzi, leta kalenda," naye Mchukuzi anakwenda Bohari Kuu ya Taifa, walikokusanya vifurushi vya mafundi wote, anarudi nayo. Kuagiza kwa njia nyingine yoyote kukawa kosa.

Siku ya uzinduzi, Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Lukindo, alisimama kando ya kompyuta iliyovishwa shada la maua. Akakohoa mara tatu, kama ilivyoandikwa kwenye hotuba, akasema:

"Ndugu wananchi! Jana mlikuwa mkibeba wenyewe. Leo mnabebewa. Kesho, Mungu akipenda, mtabebwa!"

Watu wakapiga makofi. Makofi ya kubebwa yalikuwa makubwa kuliko ya kubebewa.

Jambo moja Mheshimiwa hakulisema. Mchukuzi hakujua kuleta kitu kimoja. Mnajua ukimwalika shangazi mmoja harusini? Anakuja na jirani yake, jirani anakuja na wifi yake, na wifi anakuja na watoto watatu, mmoja ana mafua. Basi ndivyo. Fundi mmoja aliagiza kitufe tu, kile cha kubonyeza ujumbe uende. Kikaja kitufe; nyuma yake ikaja rangi ya kitufe; nyuma ya rangi, kipimo cha rangi; nyuma ya kipimo, mkaguzi wa vipimo; na nyuma ya mkaguzi, picha ya Mheshimiwa Waziri akitabasamu, ambayo haikuwa na kazi yoyote, ila hakupatikana mtu wa kuishusha. Wizara iliwaita wageni hao wategemezi. Na mwisho wa safari Mchukuzi huandika: "Maonyo mia tatu na kumi na mawili. Tisa ni ya hatari. Hongera."

*

Katika nchi hiyo alikuwapo fundi mmoja, Siwatu binti Kheri, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa tovuti ya zahanati ya mtaani kwao, ile iliyowatumia wagonjwa wa sukari ujumbe kwenye simu kuwakumbusha saa ya kuchoma sindano, asubuhi na jioni. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mama yake mzazi, Bi Mwanakombo.

Sasa kompyuta huhesabu saa kama wale wageni waliozitengeneza. Ujumbe wa kwanza ulipoingia, uliandikwa: Choma sindano saa 19:00. Bi Mwanakombo akautazama ujumbe, akaitazama saa ya ukutani, akautazama tena ujumbe.

"We Siwatu! Hii saa kumi na tisa iko upande gani wa ukuta?"

"Mama, ndiyo saa moja jioni hiyo."

"Nani kasema? Hapa naona kumi na mbili, basi. Hizo nyingine mmezificha wapi?"

"Ni hesabu ya kompyuta, mama."

"Basi na ikachomwe sindano hiyo kompyuta."

Siwatu alicheka. Kesho yake hakucheka, maana alikuwa kazini, na mama yake aliingoja saa kumi na tisa kwa ukaidi wake wote hadi akaanguka jikoni, sufuria ya mchuzi ikamwagika juu yake. Alipona. Lakini Siwatu aliketi akaandika mistari kumi na miwili ya programu. Mistari hiyo ilichukua saa ya kompyuta, ikapunguza sita; ikizidi, ikapunguza kumi na mbili nyingine; ikipungukiwa, ikaazima kumi na mbili; isipobaki kitu, ikasema ni kumi na mbili; kisha ikaongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kumi na tisa ikawa saa moja jioni, kama bibi zetu walivyoiacha. Kifurushi chake akakiita Saa-Yetu, akakipeleka Bohari Kuu achukue anayetaka, na chini akaandika: Kimeandikwa na Siwatu binti Kheri, kwa ajili ya mama.

Wakachukua. Zahanati nyingine zikachukua, shule zikachukua, na vivuko, na mahakama, hata tovuti ya Ikulu. Nchi nzima ikawa inaamka na kulala kwa mistari kumi na miwili ya Siwatu, na wala haikujua. Yeye hakudai kitu. Mara mojamoja alifungua ukurasa wa Bohari, akasoma jina lake pale chini, akafunga.

Bohari ilikuwa na sheria: kila kifurushi kiwe na mtu wa kushika ufunguo wa pili, mwenyewe akifa au akikosa adabu. Siwatu hakufikiri mara mbili. Akamwandika Mwinyikai.

Huyu Mwinyikai alisoma naye chuo cha ufundi. Chuoni kila wanafunzi wawili walikuwa na kompyuta moja, na kompyuta zile zilipata joto kama jiko la mkaa, hivyo mmoja akichapa, mwenzake anaipepea kwa kipepeo cha ukindu. Walisoma miaka miwili hivyo. Mwinyikai alipepea zaidi kuliko kuchapa, lakini alipepea kwa moyo. Na baba yake Siwatu alipofariki, mtoto wa kiume hakuwapo, Mwinyikai ndiye aliyeshuka kaburini akaipokea maiti mikononi mwake, akailaza. Baada ya hapo Siwatu hakumwita tena rafiki. Alimwita ndugu.

Mwinyikai alipopata kazi Wizarani, akawa Msaidizi wa Naibu Mkurugenzi wa Matoleo, Siwatu alifurahi kuliko hata mke wa Mwinyikai mwenyewe.

*

Mwaka wa tatu wa Mchukuzi, Wizara iliamua kujua kilichomo ndani ya vifurushi. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuvisoma kwa sauti. Karani alisimama katikati ya ukumbi na kusoma mistari ya programu mmoja mmoja, na kamati ikasikiliza ikiwa imefumba macho, kama watu wanaosikiliza wosia. Kifurushi cha kalenda kilichukua wiki mbili. Wajumbe wawili walistaafu wakiwa bado Machi.

Ilipofika zamu ya Saa-Yetu, karani akasoma mpaka mstari wa saba.

"Punguza sita," akasema karani.

Mheshimiwa Lukindo akafumbua jicho moja. "Rudia."

"Punguza sita, Mheshimiwa."

"Sita za nini?"

"Masaa, Mheshimiwa."

"Ya nani?"

Karani akageuza karatasi, akaangalia nyuma kama pameandikwa. "Nadhani ni yetu sote."

"Na anayapeleka wapi?"

Karani, kwa kutaka kumaliza, akasoma mstari wa nane: ikizidi, punguza kumi na mbili nyingine.

"Sita hazikumtosha!" Mheshimiwa akasimama.

Wajumbe wote wakafumbua macho. Mmoja akakumbuka kwamba siku hizi siku zinakwisha upesi. Mwingine akasema yeye aliliona hilo zamani ila hakuwa na ushahidi. Watu milioni arobaini, kila mmoja amepunguziwa masaa sita kila siku ya Mungu. Ndiyo maana barabara hazijengwi, ndiyo maana mafaili hayasogei! Tangu nchi ipate uhuru hakujapatikana sababu nzuri kama hiyo. Kabla ya chakula cha mchana ikaundwa Tume ya Kuchunguza Masaa Yaliyopungua.

*

Siwatu aliitwa mbele ya Tume saa mbili asubuhi. Tume ilifika saa nne.

"Mnaona?" Mheshimiwa akasema akikaa. "Nimechelewa masaa mawili. Yamekwenda wapi? Mwenye kuyajua yuko mbele yenu."

Siwatu alikuwa amevaa baibui lake la Idi. Kwenye mkoba alibeba kompyuta yake, na kwenye benchi la watazamaji alimwona Mwinyikai, akamwinamishia kichwa, moyo ukatulia.

"Mstari wa saba umeandika nini?" Mheshimiwa akauliza.

"Punguza sita."

"Kwa idhini ya nani?"

"Mheshimiwa, naomba na mimi niulize. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Waziri akatazama simu yake. "Saa nne na robo."

"Simu imeandika nne?"

"Imeandika kumi."

"Basi hizo sita nani kazipunguza?"

Karani akaacha kalamu. Mheshimiwa akaitazama simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Mimi," akasema taratibu, "nilizipunguza kwa mamlaka niliyokabidhiwa. Wewe ulizipunguza nyumbani kwako." Akageukia wenzake. "Tupumzike, tunywe chai. Nahisi kuna mtu ananipunguzia."

Siwatu akatoka nje, akasimama nyuma ya ukumbi penye tangi la maji. Mwinyikai akamfuata na vikombe viwili na andazi moja, akalikata, akampa nusu kubwa.

"Umewakalisha vibaya, Siwatu. Watakufunga."

"Mwinyi, nimechoka. Ufunguo wa kwanza ninao. Nikiandika futa, Saa-Yetu inatoka Bohari sasa hivi, na kila tovuti inayoitegemea inalala. Watanifuata wenyewe wakinibembeleza."

"Na zahanati je?"

Siwatu akaitazama nusu yake ya andazi.

"Unaona?" Mwinyikai akasema kwa upole. "Sikia mpango wangu. Ufunguo wa pili ninao mimi; niandikishe kuwa mwenye kifurushi, kwa wiki moja tu. Kesi ni ya mwenye kifurushi. Mwenye kifurushi akiwa mtu wa Wizara, Wizara haiwezi kujishitaki, kesi inakufa yenyewe. Jumatatu nakurudishia."

"Na mistari hutaigusa?"

"Siwatu. Mimi ndiye niliyempokea baba. Nitakufanyia hivyo mimi?"

Siwatu akafungua kompyuta juu ya mfuniko wa tangi. Shughuli yote ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Wakala andazi lao.

Chai ilipokwisha wakarudi ndani, Siwatu akakaa mahali pake, akangoja Mwinyikai akae kwenye benchi la watazamaji. Hakukaa kwenye benchi. Alizunguka meza, akaketi kwenye kiti kilicho kulia kwa Waziri, na mbele ya kiti hicho palikuwa na kadi yenye jina lake: Mheshimiwa Mwinyikai, Mwenye Kifurushi. Kadi ilikuwa imechapwa na kuwekwa plastiki, na plastiki yenyewe ilikwisha kushika vumbi.

"Ndugu wajumbe," Mwinyikai akasema, akisoma kwenye karatasi, "nikiwa mwenye halali wa Saa-Yetu, nimeikagua kwa uchungu mkubwa. Nathibitisha kwamba masaa sita ya Taifa yalipunguzwa na aliyenitangulia, kwa makusudi, kila siku, zikiwamo sikukuu."

"Mwinyi," Siwatu akasema.

Mwinyikai alikuwa anapanga karatasi zake zilingane ncha.

"Nimeandaa toleo la pili," akaendelea. "Litaitwa Saa-Yetu Tukufu. Mistari ya kuzidi, kupungukiwa na kutobaki kitu tumeifuta, na kwenye mstari wa saba neno punguza limeondolewa. Mahali pake tumeweka jumlisha."

Makofi yalidumu dakika tano, ambazo ziliandikwa kwenye kumbukumbu kuwa kumi na moja. Jina la Siwatu likafutwa Bohari. Akahukumiwa asiweke kifurushi kingine maisha yake yote, wala Mchukuzi asibebe chochote chenye jina lake. Na pale chini palipoandikwa kwa ajili ya mama, pakaandikwa kwa ajili ya Taifa.

*

Mchukuzi alilisambaza toleo la pili nchi nzima kwa siku moja, pamoja na wategemezi wake mia mbili na kumi na wanne. Shule zikatangaza kwamba masomo yanaanza saa kumi na tatu asubuhi. Kivuko cha saa kumi na tisa mchana kiliondoka bila abiria, kikafika salama, kikarudi bila abiria, kikasifiwa kwa kutochelewa. Mahakama ilimwachia mwizi wa ng'ombe kwa sababu kesi yake ilipangwa saa ishirini na moja, na jaji hakuipata ukutani.

Wizara haikutetereka. Ilitangaza kwamba nchi imekuwa ya kwanza barani kuwa na akiba ya masaa, ikaagiza saa za ukutani zenye namba thelathini. Zilikuwa kubwa hata ofisi ya wilaya moja ikabomoa dirisha kuipatia yake nafasi.

Kwa wagonjwa wa sukari uliingia ujumbe huu: Choma sindano saa ishirini na tano jioni.

"Hii sasa ni Kiyama," Bi Mwanakombo akasema, na Siwatu akamwambia saa yake kwa mdomo, kila siku, kama zamani. Lakini wagonjwa wa zahanati walikuwa mia na arobaini, na si wote walikuwa na Siwatu. Mzee Pembe, seremala mstaafu ambaye maisha yake yote hakupata kuvunja amri ya serikali hata moja, aliketi mlangoni kwake na sindano ndani ya leso, akaingoja saa ishirini na tano. Walimkuta asubuhi ameinamia magoti. Alikuwa hai, lakini kuanzia siku ile akawa anamwita binti yake kwa jina la mbao.

Nesi Tunu, aliyekuwa akiendesha zahanati peke yake, alimwita Siwatu huku akilia. Siwatu akaja mbio. Kwanza akaandika, "Mchukuzi, leta Saa-Yetu, toleo la kwanza." Mchukuzi akajibu: "Toleo la kwanza limeteketezwa ili kuwapisha wategemezi wa toleo la pili." Basi Siwatu akaiandika upya mistari yake kumi na miwili, moja kwa moja kwenye tovuti ya zahanati. Mchukuzi akapita ukaguzi wake, akaikuta haina muhuri wa Bohari, akaibeba akaenda kuitupa. Akaandika tena, ikabebwa tena. Mara ya tatu nesi Tunu akamshika mkono.

"Dada, wacha. Watatufungia zahanati."

Wakawa wanakwenda nyumba kwa nyumba. Nyumba mia na arobaini, miguu minne.

*

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, Mwinyikai alifika nyumbani kwa Siwatu. Gari la Wizara aliliacha kwenye kona, akamalizia kwa miguu, suti imemshika mgongo kwa jasho.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanakombo alikuwa anachambua mchele. Akaitoa pumba moja, akaitazama, akaitupa.

"Marahaba," akasema, "lakini ya nusu. Nusu nyingine kaidai kwa baba yake Siwatu. Si mnajuana?"

Mwinyikai akaketi ukingoni mwa kiti. Siwatu hakumkaribisha chai, na katika nchi ile kutomkaribisha mtu chai ni kama kumpiga.

"Mheshimiwa aliitwa Ikulu saa kumi na sita," Mwinyikai akaanza. "Akangoja ifike. Bado anangoja. Ikulu wamekasirika."

"Pole yake."

"Tumejaribu kurekebisha wenyewe. Tumepunguza sita, kwa siri. Lakini ikifika alfajiri inaandika saa sifuri, na watumishi wanasema kwenye saa sifuri hakuna kazi. Usiku ndiyo inaandika madeni."

"Kwani chuoni hukuniona nikizifanya hesabu hizo?"

"Nilikuwa napepea," Mwinyikai akasema, na kwa mara ya kwanza alisema kweli.

Siwatu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Rudisha kifurushi kwenye jina langu. Leo leo naiandika."

"Haiwezekani. Chenye jina lako Mchukuzi habebi. Ni sheria."

"Nani kaiweka?"

"Mimi ndiye niliyeishauri." Akatazama chini. "Ilikuwa kabla sijajua kwamba nitakuhitaji."

Bi Mwanakombo akacheka, cheko moja fupi, akarudi kwenye mchele wake.

Siwatu angeweza kumfukuza. Alitamani kumfukuza, mdomo wake ulikwisha kufunguka. Lakini miguu ilikuwa inamwaka kwa nyumba mia na arobaini, na nyumba ya mwisho jana yake waliifikia kwa kuchelewa.

"Fungua kompyuta yako," akasema. "Andika ninavyokutajia."

Akamtajia yote kumi na miwili. Mwinyikai alichapa kwa vidole viwili, akiuliza kila baada ya neno. Mstari wa mwisho ulipoingia, Siwatu akashika ukingo wa ile kompyuta asiifunge.

"Nataka neno moja. Siku ya kutangaza, sema Siwatu hakuiba. Usiseme mimi ndiye niliyeandika, hilo kaa nalo. Sema tu sikuiba. Mama hapiti sokoni siku hizi, watu wanamuuliza saa zao."

"Haki ya Mungu," Mwinyikai akasema, mkono kifuani. "Na ya kaburi lile."

"Hilo kaburi liache," Bi Mwanakombo akasema bila kuinua macho.

*

Jumamosi sherehe ilionyeshwa kwenye runinga. Mheshimiwa Lukindo alimvisha Mwinyikai nishani ya Mlinzi wa Masaa, Daraja la Kwanza. Siwatu na mama yake walikaa mkekani, bega kwa bega. Majirani walikuwa wamejaa dirishani.

"Ndugu wananchi," Mwinyikai akasema, na sauti yake ilitetemeka vizuri, "niliketi peke yangu, bila msaada wa mtu yeyote, nikayatafuta masaa sita ya Taifa hili mpaka nikayapata. Saa zenu zimerudi kama mlivyozizoea. Ama kuhusu yule mama aliyeyaiba," hapo akatua, akameza mate, akaitazama kamera, "mimi binafsi nimemsamehe. Naomba na nyinyi mumsamehe."

Nchi nzima ikapiga makofi kwa huruma yake. Pale dirishani majirani waligeuka kumtazama Siwatu, na mmoja wao, jirani mwema wa miaka mingi, akamwambia, "Mwenyewe kakusamehe, mwanangu, shukuru." Bi Mwanakombo akanyanyuka akafunga dirisha, likawabana wawili vidole.

Mwisho kabisa Waziri akasoma agizo. Kwa kuwa jambo hili limewafanya wananchi wapoteze imani na vifurushi, kuanzia Jumatatu imani itakuwa ya lazima.

*

Jumatatu mapema Siwatu alikuwa zahanati. Wagonjwa walijaa kwenye mabenchi, simu mikononi, wanangoja kuambiwa saa zao. Nesi Tunu akampisha kiti, maana yeye vitu vya kompyuta viliwahi kumliza mara moja, hakutaka mara ya pili.

Siwatu akaandika, "Mchukuzi, leta Saa-Yetu."

Mchukuzi akajibu: "Kabla sijaleta. Je, unamwamini mwenye kifurushi, Mheshimiwa Mwinyikai?"

Siwatu akaandika: "Hapana."

"Jibu hilo halimo Bohari. Je, unamwamini mwenye kifurushi, Mheshimiwa Mwinyikai?"

Siwatu akaandika: "Namjua."

"Jibu hilo halimo Bohari. Likikosewa mara ya tatu, zahanati itafungiwa. Je, unamwamini?"

Nyuma yake bibi mmoja mwembamba, aliyekaa benchi la mbele, alikuwa amekwisha kupandisha mkono wa gauni, sindano tayari.

"Mwanangu," akauliza, "yangu imefika? Au bado haijafika?"

Siwatu akaandika: "Ndiyo."

"Asante kwa imani yako," Mchukuzi akaandika, na simu zikaanza kulia kwenye mabenchi, moja baada ya nyingine, zote saa mbili asubuhi kamili.